Leseni za kuingia kwenye seva: namna ya kuhesabu CAL za Windows Server kabla hujalipa

Profoma ya seva ikifika mezani kwa mwenye biashara huwa na mistari mitatu mikubwa: mashine yenyewe, Windows Server, na mstari mmoja mfupi ulioandikwa CAL (Client Access License, yaani leseni ya kuingia kwenye seva) pamoja na idadi yake. Miwili ya kwanza inaeleweka. Wa tatu ndio unaoulizwa: "Na hii je? Si Windows tumeshailipia hapo juu?" Muuzaji akikosa jibu, mstari unafutwa. Seva inafungwa, inawaka, wafanyakazi wanaingia, kazi inakwenda, na kila mtu anaamini pesa imeokolewa.

Nimekaa upande wa fundi katika mazungumzo hayo mara nyingi, na jambo linaloniuma ni kwamba mteja hakuwa na nia ya kukwepa. Hakuelezwa tu. Wapo pia waliopata hasara ya upande wa pili: wakauziwa CAL 30 ilhali walihitaji 8. Makosa yote mawili yana dawa moja, nayo ni hesabu inayofanywa kwa kalamu na karatasi kabla ya kuomba bei. Mwongozo huu ni wa hesabu hiyo, kwa ofisi, maduka na zahanati zinazotumia Windows Server ya Microsoft.

CAL ni kadi ya mwaliko

Fikiria harusi. Kulipia ukumbi ni jambo moja. Kadi za kuingilia ni jambo jingine. Ukumbi unaweza kuwa umelipiwa wote na bado mgeni asiye na kadi hana haki ya kukaa mezani. Leseni ya Windows Server ni ukumbi: inakupa haki ya kuiweka programu kwenye mashine na kuiendesha. CAL ni kadi: haki ya mtu mmoja, au kifaa kimoja, kupata huduma kutoka kwenye seva hiyo. Huduma ni kufungua faili, kuchapisha kupitia seva, kuingia kwenye kompyuta kwa jina na nenosiri linalohakikiwa na seva, au kutumia programu ya hesabu iliyowekwa humo.

Tofauti ni kwamba kwenye mlango huu hakuna mtu anayekagua kadi. Windows Server haihesabu CAL za kawaida na haina mahali pa kuziingiza. Mafundi vijana huniuliza, "Namba ya CAL inaingizwa wapi?" Haiingizwi popote. CAL ni hati. Unainunua, unaihifadhi, na unaitoa siku ya ukaguzi. Wakongwe wanakumbuka mambo tofauti kwa sababu Small Business Server 2003, iliyokuwa maarufu sana kwenye ofisi ndogo, ilikuja na CAL 5 ndani yake, ikadai uingize namba ili kuongeza nyingine, na haikuvuka watumiaji 75. Toleo la 2008 liliuondoa ukaguzi huo, na bidhaa yenyewe ilikoma na toleo la 2011. Tangu hapo mlango uko wazi, lakini sharti la kadi liko palepale.

Kwa hiyo seva kukaa kimya si ushahidi kwamba uko sawa. Ukimya huo ndio uliowaponza wengi.

Hatua ya kwanza: je, unahitaji seva kweli?

Naanza hapa kwa makusudi, kwa sababu CAL ya bei nafuu kuliko zote ni ile ambayo hukuihitaji. Masharti ya Windows 10 na Windows 11 za kawaida yanaruhusu vifaa hadi 20 kuunganishwa kwenye kompyuta moja kwa ajili ya kushirikiana mafaili na printa. Duka lenye kompyuta tano, folda moja ya pamoja na printa moja linaweza kuishi hivyo vizuri bila Windows Server wala CAL.

Kama shida yako ni mafaili peke yake, ipo njia ya pili: kisanduku cha kuhifadhia mafaili kinachounganishwa kwenye mtandao wa ofisi, kama vile vya Synology au QNAP, au kompyuta yenye Linux na programu ya Samba. Hivyo havidai CAL. Angalia jambo moja tu: ukikiunganisha kisanduku hicho na seva ya Windows ili watu waingie kwa majina yaliyo kwenye Active Directory (orodha ya watumiaji inayotunzwa na seva), watu hao sasa wanaitumia seva ya Windows, na CAL zinarudi.

Seva ya Windows inastahili pesa yake pale unapotaka watumiaji wote wasimamiwe kutoka sehemu moja, ruhusa za folda zitofautiane kati ya mhasibu na keshia, programu ya biashara yenyewe inaitaka, au matawi yanaingia kutoka mbali. Ukiona mahitaji hayo, endelea. Na kumbuka kwamba kompyuta za wafanyakazi zenye Windows ya aina ya Home haziwezi kujiunga na domeini, yaani kundi la kompyuta na watumiaji linalosimamiwa na Active Directory. Zinatakiwa ziwe Pro au zaidi. Hiyo nayo ni gharama inayosahaulika.

Hatua ya pili: chagua aina ya Windows Server

Kwa biashara ndogo aina ni mbili: Essentials na Standard. Ya tatu, Datacenter, ni ya wenye mashine pepe nyingi (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya mashine moja), iache.

Essentials haidai CAL kabisa. Inaruhusu watumiaji hadi 25 na vifaa hadi 50, na haki hiyo imo ndani ya bei. Ile ya toleo la 2022 inafanya kazi kwenye seva yenye prosesa moja isiyozidi viini 10 (viini, au cores, ni sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), na inauzwa kupitia watengenezaji wa seva, pamoja na mashine mpya. Kwa ofisi ya watu 12 isiyotarajia kupanuka sana, ni chaguo zuri, na nashangaa jinsi inavyotajwa mara chache. Muulize muuzaji wako moja kwa moja. Mpaka wake ni mgumu, hata hivyo: huwezi kununua CAL ili kuongeza mtumiaji wa 26. Siku hiyo unahamia Standard, na unawanunulia CAL watu wote kuanzia wa kwanza.

Standard ndiyo inayopatikana kila mahali, na tangu toleo la 2016 inahesabiwa kwa viini vya prosesa. Sheria ni hizi: kila kiini kilichomo kwenye mashine kinalipiwa, kila prosesa inahesabiwa si chini ya viini 8, na kila seva si chini ya viini 16. Seva yenye prosesa moja ya viini 8 italipiwa 16 vilevile. Yenye viini 24 italipiwa 24: kifurushi cha 16 na vinne vya viini viwili-viwili. Ndiyo maana huwa namshauri mteja asikubali prosesa ya viini 32 kwa ajili ya wahasibu watatu eti kwa sababu muuzaji anayo stoo. Leseni itaongezeka maradufu, nao wahasibu hawataona tofauti.

Ukishalipia viini vyote, Standard inakuruhusu kuendesha mashine pepe mbili za Windows Server juu ya mashine hiyo moja. Ni haki ambayo wengi wanailipia bila kuitumia. Weka Active Directory kwenye moja na programu ya hesabu kwenye nyingine. Ikiharibika moja, nyingine inabaki hai. Sharti ni kwamba Windows iliyo chini kabisa ibaki na kazi ya kuziendesha hizo mbili tu.

Na hapa CAL ina wema wake: mtu akiwa na CAL moja, anaweza kuingia kwenye seva zote za Windows za biashara yako, ziwe mbili au kumi. Huhesabu CAL kwa kila seva.

Hatua ya tatu: orodhesha watu na vifaa

Chukua karatasi, igawe pande mbili. Kushoto andika majina ya watu wote wanaogusa seva kwa namna yoyote. Usiishie kwa wanaokaa ofisini. Weka mhasibu wa muda anayekuja mwisho wa mwezi, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, keshia wa zamu ya usiku, na mwenye biashara anayeangalia mauzo kwa simu akiwa safarini.

Kulia andika vifaa vyote vinavyofika kwenye seva: kompyuta za mezani, laptopu, simu, tableti za wahudumu, mashine za kuuzia kaunta, skana inayotuma nyaraka moja kwa moja kwenye folda ya seva. Haijalishi kifaa kinatumia Windows, Android au Linux. CAL inahusu huduma inayoombwa, haihusu aina ya kifaa.

Wasiohesabiwa ni wachache. Hadi watu wawili wanaoingia kwenye seva kwa kazi ya kuitunza tu, yaani fundi na msaidizi wake, hawahitaji CAL. Fundi huyohuyo akianza kuhifadhi mafaili yake humo, anaihitaji. Mteja anayesoma tovuti yako ya wazi bila kuingiza jina hahesabiwi. Meneja anayeletewa ripoti iliyochapishwa, au aliyetumiwa faili kwa barua pepe na mhasibu mwenye CAL, hahesabiwi pia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuigusa seva wala hakuna mfumo uliomletea.

Hatua ya nne: mtu au kifaa?

Hapa ndipo pesa ilipo. CAL ziko za aina mbili, ya mtumiaji na ya kifaa, na bei zake hukaribiana. CAL ya mtumiaji inamfuata mtu: aingie kwa laptopu, simu au kompyuta ya nyumbani, ni ileile moja. CAL ya kifaa inabaki kwenye kifaa: atakayekitumia, awe mmoja au kumi, ameruhusiwa akiwa mbele ya kifaa hicho tu.

Chukua zahanati yenye wafanyakazi 22 wanaopokezana zamu tatu, na kompyuta 8: mapokezi, vyumba vya daktari, maabara, famasi, uhasibu. Hakuna anayeingia kutoka nyumbani. Kwa watumiaji ni CAL 22. Kwa vifaa ni 8. Hakuna mjadala.

Sasa chukua kampuni ya usambazaji yenye watu 9, kila mmoja ana laptopu na simu, na watatu wana kompyuta nyumbani. Vifaa ni 21. Watumiaji ni 9. Nunua 9.

Mfano unaokutana nao zaidi mitaani ni wa katikati, na ndio wauzaji wengi wanaoukosea. Duka la jumla la vifaa vya ujenzi lina watu wanne wa ofisini wenye laptopu na simu, keshia saba wanaopokezana kompyuta mbili za kaunta, na watunza stoo watano wanaotumia kompyuta moja. Ukihesabu watu tu, ni 16. Ukihesabu vifaa tu, ni laptopu nne, simu nne na kompyuta tatu: 11. Lakini kuchanganya kunaruhusiwa. Wape wale wanne wa ofisini CAL za mtumiaji, na kompyuta tatu za kaunta na stoo CAL za kifaa. Jumla ni 7. Kutoka 16 hadi 7 kwa robo saa ya kuandika.

Mchanganyiko huo una nidhamu yake. Keshia hana haki ya kuingia kwenye seva kwa simu yake mwenyewe, kwa sababu yeye hana CAL. Kompyuta ya kaunta ndiyo inayo. Ukiwafungulia keshia mfumo kwenye simu zao mwezi ujao, hesabu imeshavunjika. Andika kwenye karatasi nani ana CAL na kifaa gani kina CAL, na uilinde orodha hiyo, kwa maana seva haitakukumbusha.

Fikiri pia mahali biashara inakoelekea, kwani ukishanunua CAL ya kifaa haibadilishwi kuwa ya mtumiaji kwa kutaka tu. Kama mwakani unakusudia kumpa kila mfanyakazi laptopu, CAL za kifaa za leo zitakugeuka. Mfanyakazi akiondoka, CAL yake inahamia kwa anayechukua nafasi. Kompyuta ikifa, inahamia kwenye mpya. Mtu akiwa likizo, anayemshikia kazi anaweza kuitumia kwa muda. Kisichoruhusiwa ni kupokezana CAL moja ya mtumiaji asubuhi huyu, jioni yule. Hiyo ni kazi ya CAL ya kifaa.

Hatua ya tano: tafuta waliojificha

Kuna vitu vinne ambavyo nimevikuta karibu kila nilipokagua hesabu ya mtu mwingine.

Cha kwanza ni anwani za mtandao. Kama seva ya Windows ndiyo inayogawa anwani za IP kwa vifaa vyote, kila kifaa kinachopata anwani kutoka kwake kinatumia huduma yake, na kinahitaji kadi. Maana yake simu ya mgeni aliyeomba Wi-Fi kwa dakika kumi imeingia kwenye hesabu. Tiba haina gharama: wageni wawe na Wi-Fi yao, na ruta ndiyo iwagawie anwani na kuwatafutia majina ya tovuti, wasiiguse seva.

Cha pili ni skana na printa kubwa. Ikiwa kila anayeitumia ana CAL ya mtumiaji, mashine imefunikwa. Ikiwa wanaoitumia hawana, mashine inayotuma nyaraka kwenye seva inahitaji CAL yake ya kifaa.

Cha tatu ni mashine ya alama za vidole. Kiwanda kidogo chenye vibarua 60 wanaobonyeza kidole asubuhi na jioni, mahudhurio yakiingia kwenye programu iliyoko kwenye seva, kwa haraka kitaonekana kinahitaji CAL 60. Ukizipa mashine mbili za vidole CAL mbili za kifaa, vibarua wote wamefunikwa. Nawaomba wanaouza mifumo hii wawaeleze wateja jambo hili, kwa sababu tofauti ya gharama ni kubwa mno.

Cha nne ni ujanja wa mlango mmoja. Mtu anasema: "Programu yangu inaingia kwenye seva kwa jina moja tu, basi CAL ni moja." Sivyo. Watu 30 wakipita kwenye programu, tovuti ya ndani au kompyuta ya katikati inayozungumza na seva kwa niaba yao, wanaohesabiwa ni watu 30, au vifaa vyao. Kubana wengi kwenye mlango mmoja hakupunguzi kadi.

Kama una watu wa nje wengi wanaoingia kwa majina yao, mfano mawakala wanaoweka oda, ipo leseni ya External Connector inayonunuliwa kwa kila seva na kuwafunika watu wa nje wote. Haiwafuniki wafanyakazi wako. Kwa mawakala watano haifai. Kwa mia mbili, piga hesabu.

Hatua ya sita: wanaoingia kutoka mbali

Sehemu hii isome taratibu, hasa kama unatumia Tally, QuickBooks au Sage kwa matawi. Njia iliyoenea ni kuweka programu ya hesabu kwenye seva ya makao makuu, kisha tawi linafungua Remote Desktop na kufanya kazi kama limekaa hapohapo. Inafanya kazi hata kwa intaneti dhaifu, kwa kuwa kinachosafiri ni picha ya skrini tu.

Windows Server inaruhusu vikao viwili tu vya namna hiyo bila leseni ya ziada, na hivyo ni vya utunzaji wa seva. Mhasibu anayeandika ankara kupitia kikao hicho hatunzi seva. Yeye anahitaji kadi mbili: CAL ya kawaida, na juu yake RDS CAL (RDS ni Remote Desktop Services), ambayo ni leseni ya kufanyia kazi ndani ya seva kwa mbali. Moja haichukui nafasi ya nyingine, na hapo ndipo profoma nyingi zinapopungukiwa.

RDS CAL ni tofauti kwa sababu mlango wake una mlinzi. Unaziingiza kwenye huduma ya leseni ndani ya seva, na ukiiwasha huduma ya vikao vya mbali bila kuziingiza, unapewa siku 120 za neema. Baada ya hapo watu hawaingii. Nilimfungia mteja mfumo kama huo, tukakubaliana atanunua RDS CAL "mwezi ujao", na mimi sikuiandika tarehe. Miezi minne ikapita bila mtu kukumbuka. Siku hizo 120 zilikwisha wakati wa mshahara, na matawi mawili yalibaki nje ya mfumo wakati wafanyakazi wanasubiri. Tangu siku ile, tarehe ya siku ya 120 naiandika kwenye karatasi ya makabidhiano na kuibandika ubavuni mwa seva.

RDS CAL nazo ni za mtumiaji au za kifaa, na kuna mtego wa kiufundi. Za mtumiaji zinahitaji Active Directory. Ukiweka seva ya toleo la 2019 au la baadaye bila domeini, kisha ukachagua RDS CAL za mtumiaji, vikao vitakatwa kila baada ya dakika 60. Nimeona mafundi wakibadilisha ruta, waya na hata kampuni ya intaneti wakiitafuta hitilafu ambayo chanzo chake ni chaguo moja la leseni. Huna domeini? Nunua RDS CAL za kifaa, au weka domeini kwanza.

Kuna programu zinazozunguka mitandaoni zinazoichezea Windows ili ikubali vikao vingi bila RDS CAL. Usiziweke. Ni kuvunja masharti waziwazi, sasisho moja la Windows linaweza kuziangusha katikati ya siku ya kazi, na unakuwa umemkabidhi mtu usiyemjua funguo za kompyuta yenye hesabu zako zote. Vilevile usiifungue Remote Desktop moja kwa moja kwenye intaneti. Pitisha matawi kwenye VPN, yaani njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti.

Hatua ya saba: hifadhidata

Programu nyingi za biashara zinatumia SQL Server, hifadhidata ya Microsoft inayotunza taarifa zao, chini yake. Kama ni ya aina ya Express, ni bure na haina CAL zake, ingawa CAL za Windows zinabaki palepale. Mpaka wa Express hadi toleo la 2022 ni GB 10 kwa kila hifadhidata, na duka dogo linaweza kwenda nayo miaka mingi. Ukihitaji SQL Server Standard, kuna njia mbili: kulipia seva pamoja na CAL za SQL, ambazo ni tofauti kabisa na za Windows, au kulipia kwa viini, ambapo CAL za SQL hazihitajiki. Mwambie aliyeuza programu aandike kwenye profoma ni SQL ipi anayoiweka. Asiposema, usilipe.

Hatua ya nane: toleo la CAL

CAL ina mwaka wake, na sheria yake inaangalia nyuma tu. CAL ya 2022 inaruhusu kuingia kwenye seva ya 2022, 2019, 2016 na za kabla. Hairuhusu kuingia kwenye seva ya 2025. Kwa hiyo ukinunua leo, chukua CAL za toleo jipya zaidi hata kama seva yako bado ni ya zamani. RDS CAL zifuate kanuni hiyohiyo: ziwe za toleo la seva au jipya kuliko hilo.

Jambo hili lina haraka kwa wenye Windows Server 2012 R2, ambayo Microsoft iliacha kuipa sasisho za kawaida za usalama tarehe 10 Oktoba 2023, na kwa wenye 2016, ambayo mwisho wake ni tarehe 12 Januari 2027. Kuhama kwenda toleo jipya ni kununua leseni ya seva, pamoja na CAL upya kama ulizonazo ni za toleo la zamani. Iweke kwenye bajeti mapema, isije ikawa habari ya ghafla.

Wanaolipia Microsoft 365 nao huuliza kama CAL imo ndani. Kwenye Microsoft 365 E3 haki ya kuingia kwenye Windows Server imo. Kwenye Business Premium, ambayo ndiyo ofisi ndogo nyingi wanayoitumia, haimo.

Hatua ya tisa: kununua na kutunza hati

Nenda kwa muuzaji na karatasi yako ikiwa tayari: seva ina viini vingapi, CAL za mtumiaji ngapi, za kifaa ngapi, RDS CAL ngapi, toleo gani. Profoma irudi na mistari hiyo imetenganishwa. Profoma inayosema "Windows Server kamili na leseni zake" kwa bei moja irudishe.

Windows Server inayokuja na mashine mpya ya Dell, HPE au Lenovo huwa na bei nzuri lakini imefungwa na mashine hiyo. Ikifa, leseni ya seva inaondoka nayo. Mpango wa zamani wa Open License ulifungwa kwa ununuzi mpya mwisho wa 2021, na sasa leseni za kudumu hupitia kwa wauzaji wa mpango wa CSP (Cloud Solution Provider) wa Microsoft. Hapo leseni zinaandikwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mteja. Hakikisha akaunti hiyo ni ya biashara yako, kwa barua pepe ya domeini yako, na nenosiri unalo wewe. Nimeokoa wateja wawili ambao leseni zao zilikuwa chini ya barua pepe binafsi ya fundi aliyekwisha kuhama mji, ilichukua majuma.

Kuhusu zile CAL 50 zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana: unachotumiwa ni mstari wa herufi na tarakimu. Na kwa kuwa CAL ni hati, herufi hizo hazithibitishi lolote bila ankara ya muuzaji anayetambulika na hati yenye jina lako. Programu za kompyuta zinalindwa na sheria ya hakimiliki, Tanzania kwa sheria ya 1999 na Kenya kwa ile ya 2001, kwa hiyo tatizo haliishii kwenye barua za Microsoft.

Faili la leseni liwe na ankara, risiti, hati za leseni, na ile karatasi ya majina na vifaa, ikiwa na tarehe na sahihi. Nakala moja iwe ofisini, nyingine kwa mwenye biashara. Anayehusika na kuajiri apewe kazi ya kuibadilisha: mtu akiingia, jina linaandikwa na CAL inatengwa kabla hajaundiwa akaunti kwenye seva, akitoka, akaunti inafungwa siku hiyohiyo na CAL inaandikwa kuwa iko wazi. Mimi huipitia karatasi hiyo pamoja na mteja kila Januari na kila Julai. Mara ya mwisho tulikuta akaunti nne za watu walioondoka, na CAL tatu ambazo mteja alikuwa anajiandaa kuzinunua tena.